Kukisia si kosa, kosa ni kufunga fishi

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutazungumza juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tutazungumza juu ya sisi tunaowatibu.

Maneno haya mmeyasikia sokoni Uvira, bandarini Kalundu na kwenye benchi la dispansere: «Walimtibu malaria wiki nzima, kumbe ulikuwa ugonjwa mwingine.» Mmoja husema waganga hawakusoma. Mwingine husema wanataka pesa tu. Wa tatu husema mgonjwa amelogwa, ndiyo maana ugonjwa wake unajificha. Mimi ni msaidizi wa daktari. Nilipita shule ya ufundi wa afya, na nimevaa koti jeupe zaidi ya miaka kumi. Nataka kuwaambia ukweli jinsi ninavyouona kutoka upande wangu wa meza. Ndiyo, tunakosea, daktari kama muuguzi, mwenye diploma kubwa kama mwenye ndogo. Lakini mara nyingi kosa letu halianzi pale mnapodhani.

KIJANA ALIYECHUKIA DIRISHA

Kabla ya kuingia katika kampuni, nilifanya kazi katika kituo kidogo cha afya kandokando ya ziwa. Asubuhi ya Jumatatu moja mama mmoja alimleta mwanawe, kijana mwenye nguvu, mchimba dhahabu aliyekuwa amerudi nyumbani kupumzika. Alikuwa na homa kali, kichwa kinamuuma, viungo vyote vinamuuma. Nilimchoma kidole, nikatia tone la damu kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea: malaria. Nikaandika malaria kwenye fishi, nikampa dawa, nikamwita mgonjwa mwingine. Benchi lilikuwa limejaa.

Jumanne mama alirudi peke yake. «Dokta, mtoto anatapika dawa. Tena anatuomba tufunge dirisha, anasema mwanga unamchoma macho.» Nilimsikia vizuri. Nilimjibu kwamba malaria ndivyo ilivyo, nikampa vidonge vya kuzuia kutapika. Neno la dirisha sikuliandika popote.

Jumatano usiku walimleta amebebwa mgongoni. Hakujua tena jina lake. Nilipojaribu kumwinamisha kichwa, shingo ilikataa, ngumu kama mti. Hapo ndipo neno la dirisha liliponirudia masikioni. Tulimtia sindano ya kwanza ya kuua mikrobi, tukatafuta gari, tukampeleka hospitali kubwa. Huko walitoa maji ya uti wa mgongo, wakapata jibu: meninjiti, ugonjwa unaoshika ngozi zinazofunika ubongo. Kijana aliokoka. Lakini masikio yake yote mawili yalikufa, na mtu asiyesikia king'ora wala sauti ya mwenzake hawezi kurudi shimoni.

Kipimo changu hakikusema uongo. Vijidudu vya malaria vilikuwa ndani ya damu ya kijana yule. Lakini huku kwetu mtu mzima aliyezoea mbu anaweza kutembea na vijidudu hivyo bila kuugua. Tena, kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kwa hiyo mistari miwili inasema tu kwamba malaria ipo au ilikuwapo. Haisemi kwamba hakuna kitu kingine. Nilikiuliza kipimo swali moja, kikanijibu, nikaacha kuuliza. Mama aliniambia ugonjwa Jumanne, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuifunga fishi Jumatatu.

KWA NINI TUNAKISIA

Mtu anaweza kusema: basi msikisie, pimeni mpaka mjue. Ndugu, mwili wa binadamu una maneno machache ya kulalamika. Malaria huanza kwa homa, kichwa na uchovu. Homa ya matumbo, yaani tifoide, huanza hivyo hivyo. Nimonia, meninjiti, hata Ebola, zote siku ya kwanza husema maneno yale yale. Na nchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Naijeria. Mganga anayefikiria malaria kwanza si mjinga. Anafuata njia ambayo wagonjwa wengi wamepita.

Kuna hata wakati ambapo kukisia haraka ndiko kunakookoa. Sisi watu wa Uvira tunaijua kolera. Mtu akifika akiharisha maji kama ya mchele, macho yameingia ndani, ngozi ikivutwa hairudi, mimi sisubiri laboratwari. Kolera inaweza kumwua mtu mzima mwenye afya kwa saa chache tu. Ninamtundikia seromu kwanza. Baadaye laboratwari ikisema haikuwa kolera, sikukosea, kwa sababu maji ndiyo mwili wake ulihitaji.

Kukisia ni kama taa ya kichwani mgodini. Inamulika mbele tu. Bila taa hiyo hutembei, lakini mtu asiyegeuza kichwa hataliona jiwe linalotoka kando.

Lawama nyingine iko kwa sisi sote pamoja. Wengi wenu hufika mlangoni na jina la ugonjwa tayari: «Dokta, nina malaria na tifoide, niandikie dawa.» Na mganga aliyechoka huandika. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa tifoide hutazama askari wa damu waliozaliwa kupigana na mikrobi. Askari hao hubaki hata kama vita ilikwisha zamani. Mtu aliyeugua tifoide miaka iliyopita anaweza kuonyesha «tifoide» leo, na kumbe homa yake ni ya kitu kingine. Wangapi wametibiwa «tifoide sugu» mwaka mzima, na hawakuwa nayo hata siku moja?

MAGONJWA YANAYOVAA NGUO ZA MENGINE

Msifikiri kwamba makosa haya ni ya vituo vidogo tu. Mwaka 1970, huko Basankusu katika Équateur, mtoto wa miezi tisa aliletwa hospitali akiwa na upele mwili mzima. Walidhani ni ndui, na kwa haki, kwa sababu upele ulifanana na ndui, na dunia nzima ilikuwa ikiwinda ndui ili kuimaliza. Lakini hawakufunga fishi. Walichukua sehemu ya upele, ikasafiri mpaka Moscow, na laboratwari ya huko ikapata kirusi kingine, kile tunachokiita leo mpox. Mtoto yule ndiye mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye ugonjwa huo ulitujia karibu. Mwezi wa Septemba 2023 ulianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini. Wataalamu walipochunguza kirusi walikuta ni tawi jipya, wakaliita Ib. Mwaka 2024 ulifika Uvira, ukavuka mpaka kuingia Burundi, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Sasa jiulize: mchimbaji anakuja na vipele, utasema nini? Ni rahisi kusema tetekuwanga. Vipele vikiwa sehemu za siri, ni rahisi kusema kaswende, kumpa sindano na kumrudisha chumba anacholala na wenzake sita. Kuna dalili za kutusaidia: vipele vya mpox mara nyingi huwa vya umri mmoja, hutokea hata kwenye viganja na nyayo, na tezi huvimba, vya tetekuwanga huja kwa mafungu, vingine vipya, vingine vimekauka. Lakini hata macho mazuri hudanganyika, na mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Laboratwari ndiyo inayokata shauri.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Mwisho wa mwaka 2024, katika eneo la afya la Panzi huko Kwango, watu wengi walikufa, hasa watoto, na redio za dunia zikasema kuna ugonjwa usiojulikana. Walipopima walikuta malaria kali na magonjwa ya kifua katika miili iliyodhoofishwa na njaa. Wakati mwingine ugonjwa wa kigeni huvaa nguo za malaria. Wakati mwingine malaria huvaa nguo za ugeni. Kwa hiyo dawa si kuacha kufikiria malaria. Dawa ni kuuliza tena.

FISHI ISIYOULIZA KAZI

Swali linalosahauliwa kuliko yote ni hili: «Unafanya kazi gani, na ulifanya gani kabla?»

Kati ya 1998 na 2000, huko Durba karibu na Watsa, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, watu walishikwa na homa, kisha wakatoka damu na kufa. Ilikuwa Marburg. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa ni 154, na 128 kati yao walikufa. Wengi walikuwa vijana waliochimba dhahabu, na njia ya ugonjwa ilirudi kwenye mgodi mmoja, Goroumbwa, wenye popo ndani yake. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ulikoma. Ona basi: homa peke yake isingesema kitu, lakini homa pamoja na kazi ya mgonjwa ilionyesha mlango ambao mauti yaliingilia.

Huhitaji kwenda mpaka Durba. Mtu anakohoa. Anapewa dawa ya kikohozi, anarudi kazini. Baada ya wiki tatu anakuja tena, anakutana na mganga wa zamu nyingine, anapewa vidonge vingine. Mara ya tatu vilevile. Kila mmoja wetu anaandika «kikohozi» kana kwamba kimeanza leo. Hakuna aliyeuliza kwamba kabla ya hapa mtu huyu alitwanga mawe ya dhahabu miaka mitano bila kitambaa puani. Vumbi la jiwe jeupe hukata mapafu ndani na kuacha makovu, na pafu lenye makovu hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi. Katika picha ya kifua magonjwa haya mawili yanaweza kufanana kama mapacha. Mwenye vumbi tu akitibiwa kifua kikuu, anameza dawa miezi mingi bure. Mwenye kifua kikuu akiambiwa ni vumbi tu, anawagawia bibi na watoto wake. Ndiyo maana tunasema: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe, na kazi zote za zamani zitajwe.

Vivyo hivyo kwa ndugu zenu wanaochoma zebaki ili kupata dhahabu. Mikono ikianza kutetemeka na mtu akisahau maneno, jirani husema pombe, jamaa husema uchawi, na mganga asiyeuliza husema mishipa. Moshi wa ile sahani hautajwi na mtu.

MNAYOTUFICHA

Sasa nawageukia ninyi kidogo, lakini kwa upole. Wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kupita famasi ya barabarani. Wamemeza vidonge viwili vya malaria kati ya vyote vilivyotakiwa, wamechomwa sindano na jirani, wamekunywa mizizi. Ukiwauliza, wanajibu: «Hapana dokta, sijameza kitu.» Dawa nusu za kuua mikrobi huweza kuificha mikrobi hiyo laboratwari isiione, na homa ikashuka siku mbili huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Hapo hata daktari bingwa atakosea, kwa sababu mmempa hadithi iliyokatwa mwanzo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini najua kwa nini mnaficha. Mnaogopa kufokewa. Mnaogopa kupoteza siku ya mshahara, au kuondolewa shimoni. Mnaona aibu kusema mlilala wapi na nani. Na ni kweli tumewafokea. Mganga anayemfokea mgonjwa leo ndiye atakayedanganywa kesho. Kosa hilo ni letu, na ninaliandika hapa ili wenzangu wa koti jeupe walisome.

JIWE LILILOANGUKA BILA KUMGUSA MTU

Hapa nafika kwenye maoni yangu, na najua kuna wasiokubali.

Mgodini, jiwe likianguka bila kumgusa mtu, kiongozi wa ekipi haseme «asante Mungu» na kuendelea. Anaandika: mahali gani, saa ngapi, nguzo ilikuwaje. Tumejifunza kwamba jiwe lililokosa mtu leo ni mjumbe wa jiwe litakaloua kesho. Mtu anayeripoti haadhibiwi. Anayeficha ndiye anayeadhibiwa.

Katika dispansere tunafanya kinyume. Mganga akikosea na mgonjwa akapona, tunanyamaza. Mgonjwa akifa, tunanyamaza zaidi, na familia inabaki kumtafuta mchawi kijijini. Kwa hiyo kosa lile lile hurudi kwa mganga mwingine, zamu nyingine. Wengine wanasema tukikiri makosa, wafanyakazi watapoteza imani. Mimi nasema imani imekwisha kupotea pale penye ukimya, si pale penye ukweli. Hata katika nchi tajiri mambo ni hivyo: mwaka 2015 wataalamu wa Marekani waliandika kwamba watu wengi watakutana angalau mara moja maishani na utambuzi uliokosewa au uliochelewa. Na Siku ya Usalama wa Wagonjwa, inayofanywa duniani kila tarehe 17 Septemba, mwaka 2024 ilitoa somo lake lote kwa jambo hili la kutambua ugonjwa sawasawa. Kama wenye mashine kubwa wanakiri, sisi wenye kipimo cha kidole tunaona haya ya nini?

Naomba kila dispansere ya kampuni iwe na daftari kama lile la mgodini. Jina la mgonjwa lisiandikwe, wala la mganga. Iandikwe hivi tu: tulidhani nini, kumbe ilikuwa nini, ni neno gani lilituponyoka. Mara moja kwa mwezi tulisome pamoja, daktari na wauguzi na mtu wa laboratwari. Mimi nina langu tangu siku ya kijana yule. Mstari wake wa kwanza unasema: «Tulidhani malaria. Kumbe meninjiti. Neno lililotuponyoka: dirisha.»

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Wakati tunasubiri daftari hilo, shikeni mambo haya manne.

La kwanza, eleza tangu mwanzo. Homa ilianza siku gani, ilikuja vipi, umemeza nini, hata kama ni mizizi au kidonge cha jirani. Leta karatasi ya kidonge chenyewe.

La pili, taja kazi zako zote, ya sasa na za zamani, na safari zako. Mganga asipouliza, mwambie.

La tatu, uliza kabla ya kuondoka: «Dokta, nisipopata nafuu, nirudi siku gani? Na dalili gani ikitokea nisingoje siku hiyo?» Shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kutoka damu, degedege: hizi hazingoji asubuhi.

La nne, rudi pale pale. Wengi wasipopona huhama: leo kwetu, kesho famasi, keshokutwa chumba cha maombi, na kila mahali wanaanza upya. Mganga wa pili hajui wa kwanza alijaribu nini, na wa kwanza hajui kwamba alikosea. Kurudi na kusema «sijapona» si kumtukana mganga. Ni kumletea taa ya pili. Ukiona ameudhika, msemee mtu wa nyumbani aliyekuona usiku. Mara nyingi mke au mama ameona kile ambacho wewe mgonjwa huwezi kukieleza.

Na ninyi wenzangu wa koti jeupe, mgonjwa akirudi mara ya pili na homa ile ile, sahau uliyoandika mara ya kwanza. Mvue shati, mwinamishe shingo, muulize mama yake. Fishi ya mtu ambaye hajapona bado iko wazi.

Afya ya ekipi ni kazi ya ekipi nzima. Tusaidiane, ndugu, tusifichane.